Baraza la Watani wa Mwenyekiti

Nyabulolo, karibu na Rwamgasa
Februari 9, 2025

Kwako Liaquat, Baba Kausar,

Usishtuke kuona bahasha mkononi mwa kondakta. Hakuna aliyekufa na sijaja kukopa. Ni kwamba hapa Nyabulolo mtandao wa simu unashika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilicho mbele ya kibanda cha chipsi cha Mwamvua, na mwenyekiti wa kijiji akipanda pale kupiga simu, watu husogeza viti. Mwamvua mwenyewe hupunguza moto ili mafuta yasimzuie kusikia. Ninayotaka kukuuliza hayafai kuliwa na chipsi.

Unajua tangu Novemba wananchi walinipa kiti hiki. Wewe ulicheka kwenye simu mpaka mkeo Parvin akakunyang'anya akidhani umepaliwa. Sawa, cheka. Lakini nimeshakikalia, na nimegundua kitu kimoja: kiti hiki hakina ushauri. Halmashauri ya kijiji ninayo, kwa mujibu wa sheria, lakini kila penye jambo gumu wajumbe wanasema, "Tumwachie mwenyekiti." Haya, na mwenyekiti amwachie nani?

Ndipo nikapata wazo la kuunda Baraza la Ushauri. Halitaamua kitu, litashauri tu. Muundo nimeshauchora kwa rula: mwenyekiti juu, baraza chini yake, na mshale unaopanda kutoka kwenye baraza kuja kwa mwenyekiti. Mshale wa kurudi sijauweka, naona bado mapema. Wewe umekaa kwenye kamati ya wafanyabiashara hapo Shinyanga, na ya msikiti, na ya mazishi. Niambie, washauri huchaguliwa vipi?

Tuna suala dogo la kuanzia. Karasha moja la kusagia mawe ya dhahabu limekaa ubavuni mwa uzio wa shule. Mvua zilipojaza bonde mwenyewe alilisogeza huku "kwa muda", na huo muda sasa umeota mizizi. Likiwaka, mwalimu wa darasa la saba anafundisha kwa mikono. Walimu wanataka liondolewe, na mwezi wa tano kwenye mkutano mkuu wa kijiji lazima niwe na jibu. Ni suala dogo tu.

Shemeji yako Rebeka anakusalimu.

Wako,
Athanas Ndaki
(Mwenyekiti)


Shinyanga Mjini
Februari 17, 2025

Kwako Ng'wanangwa,

Nakuita hivyo kama babu zenu walivyomwita mkuu wa kijiji, ili uanze kuzoea heshima kabla haijaisha. Barua imefika, imenukia samaki, nadhani kondakta aliisafirisha pamoja na mzigo wake mwingine. Parvin ameisoma kwa sauti, na alipofika kwenye hayo maneno ya rula akaomba maji.

Umeniuliza kuhusu washauri. Kamati yetu ya wafanyabiashara inao. Mwaka juzi walinishauri nisipake duka rangi ya kijani, kwamba wateja watadhani ni duka la dawa. Nikapaka. Watu wakaja kuulizia dawa ya minyoo, wakaishia kununua misumari, biashara ikachangamka. Sasa washauri wale wale wanamwambia kila mtu kwamba kijani lilikuwa wazo lao. Huo ndio ushauri ninaoujua mimi. Kwa hiyo ndugu yangu, chochote utakachofanya, usichague watu wanaokupenda. Mtu anayekupenda hana msaada kwenye kikao.

Halafu nina swali. Hilo karasha ni la nani? Umeandika "mwenyewe", ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mkwe. Tulikaa dawati moja, Athanas. Wewe ukimlalamikia mtu huwa unataja jina lake, la baba yake, na la ng'ombe wake.

Wako,
Liaquat


Nyabulolo
Machi 4, 2025

Baba Kausar,

Nilipopata barua yako baraza lilikuwa limeshazinduliwa. Nimechagua watu saba wenye heshima, kila mmoja ananipenda. Ndiyo, nimeona ulichoandika, lakini sherehe ilikuwa imeshapikwa.

Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri mno. Niliwaeleza suala la karasha, nikawauliza: "Wazee wangu, mnashauri nini?" Mmoja akasimama, akavua kofia, akasema tangu azaliwe hajawahi kusikia swali zuri namna ile. Wakapiga makofi. Wa pili akasema kiti changu ni kigumu, mtu mwenye maswali mazito vile anastahili mto wa kukalia. Hilo likapita bila kupingwa. Jioni tukamaliza kwa azimio kwamba baraza linamshauri mwenyekiti aamue kama mwenyekiti atakavyoona.

Liaquat, mimi ndiye niliyewaita waniambie ninaona nini!

Mto ni mzuri lakini. Una maua.

Mtendaji wa kijiji, ambaye ni kijana msomi na hanipendi sana, aliniuliza kama azimio lile aliandike kwenye kumbukumbu au aliache lijifie. Nikamwambia tumelipokea, tunalifanyia kazi. Ni maneno ninayoyatumia sana siku hizi. Yanapoza watu.

Nishauri haraka, mwezi wa tano hauko mbali.

Athanas


Shinyanga Mjini
Machi 11, 2025

Ng'wanangwa, mkalia maua,

Nimekaa dukani nikafikiri: katika maisha yako yote, ni nani aliyewahi kukuambia ukweli mbele za watu na usimkasirikie? Mimi siyo, mimi ulininunia muhula mzima kwa sababu ya lile goli. Nikamkumbuka mmoja.

Siku ya msiba wa baba yako. Sote tumekaa tunalia, akatokea yule Mzaramo, fundi cherehani. Kavaa koti la marehemu, kashika fimbo ya marehemu, anakohoa kama marehemu, anapita katikati ya waombolezaji akikagua kama chakula kinatosha. Alipofika kwako akasema, "Athanas mwanangu, nimekufa kabla hujajifunza kuamua hata mboga. Nizikwe saa ngapi, au unasubiri kumwuliza mtu?" Watu waliangua kicheko na machozi yakiwa shavuni. Halafu yeye na wenzake wakayakamata majembe ya kuchimbia kaburi, wakakataa kuyatoa mpaka wakombolewe kwa kuku.

Mimi, kijana wa duka kutoka mjini, nilikuwa nimeshasimama nikatafute polisi. Ukanishika mkono, ukaniambia, "Kaa chini. Hao ni watani. Anachochukua mtani si wizi."

Basi hao ndio watu wako. Machimbo yamejaa watani wa Wasukuma. Weka Wazaramo, weka Wagogo. Watakutukana kwa haki, na wewe kwa haki hiyo hiyo hutaweza kununa.

Hilo karasha ni la nani?

Liaquat


Nyabulolo
Machi 20, 2025

Baba Kausar, wabeja, asante sana!

Nimelivunja baraza la kwanza kwa heshima zote (mto nimebaki nao), nikaunda la watani. Nadhani katika nchi hii hakuna serikali ya kijiji iliyowahi kuwa na kitu kama hiki, na kikao cha kwanza kilinionyesha kwa nini.

Mwamvua nimemteua mwenyekiti wao, kwa kuwa ni Mzaramo na habari zangu zote anazo tayari. Msaidizi wake ni Boaz, Mgogo, mchimbaji mrefu mwenye sauti ya kusikika chini ya mduara, shimo la mgodi, bila kamba. Waliobaki ni wenzao wa huko huko kwao.

Nilifungua kwa hotuba. Sikufika mbali.

"Msukuma, kaa," Mwamvua akasema. "Hotuba kampe ng'ombe wako, ana muda."

"Mimi ni mwenyekiti," nikamkumbusha.

"Tunajua. Kiti umepewa ukikalie, siyo ukiatamie. Tangu Novemba umekaa juu yake, hata kifaranga hakuna."

Boaz akauona mto. "Kumbe yai lipo," akasema, "ndiyo maana ametandika."

Walicheka mpaka Mtendaji akaangusha kalamu. Nami nilicheka, nifanyeje. Lakini nilipotaja karasha wakatazamana. Mwamvua akauliza kwa upole, na upole wa yule mama unatisha: "Mwenyekiti, hilo karasha ni la nani?"

Mnaambizana, wewe na yeye?

Nikaahirisha kikao kwa sababu ya mvua. Mvua yenyewe ilinyesha kesho yake.

Rebeka amekuwa kimya siku hizi. Anaweka chakula mezani, anakaa, ananitazama, hasemi neno. Ninajua sababu. Sitaki kuigusa.

Athanas


Nyabulolo
Machi 23, 2025

Shemeji Liaquat,

Habari za hapo na Mama Kausar? Ni mimi, Rebeka, Mama Sesilia. Naandika mwenyewe na Baba Sesilia hajui.

Najua hajakwambia karasha ni la nani, kwa hiyo nakwambia mimi. Ni la Donatus, mdogo wangu, tumbo moja. Kijiji kizima kinajua. Ndiyo maana halmashauri inarudisha suala kwake kila mara, nani anataka kugombana na shemeji wa mwenyekiti?

Baba Sesilia anaamini kwamba akimwondoa Donatus pale, mimi nitafunga mabegi. Najua kwa sababu anaota kwa sauti. Na ananiona niko kimya, anadhani nimenuna.

Shemeji, sijanuna. Mimi napika uji pale shuleni. Kila siku nawaita watoto mia na kitu waje na vikombe, na lile dude la Donatus linanguruma hatua chache kutoka kwenye sufuria langu. Nikifika nyumbani sauti imekauka, sina hata ya kuomba chumvi. Namtazama ili aniulize, "Mke wangu, una nini?" Haniulizi. Anakula haraka anakimbilia barazani.

Hilo karasha nataka liondoke kuliko hao walimu. Lakini siwezi kuanza mimi. Nikianza, kesho watasema mwenyekiti anaendeshwa na ukoo wa mkewe, na Donatus atasema dada yake ndiye aliyemfukuza. Aniulize yeye, kama mume, nimjibu kama mke. Hilo tu.

Usimwambie. Nimekuandikia kwa sababu nina jambo kifuani na sauti sina.

Rebeka


Shinyanga Mjini
Aprili 1, 2025

Ng'wanangwa,

Nimeutafakari muundo wako na nimeona kasoro kubwa. Kila baraza zuri lina nafasi moja ya mtu anayeishi na mwenye kiti. Anayemwona akiwa hajavaa viatu. Nakushauri utenge nafasi hiyo, tena kesho, tena kabla ya kula.

Wafalme wakubwa walifanya hivyo. Sina mfano hapa karibu, lakini walifanya.

Na usiniambie karasha ni la nani, nimeshakisia. Nimekisia kutokana na jinsi unavyokimbia. Mtu hakimbii hivyo kwa ajili ya jirani, hukimbia hivyo kwa ajili ya shemeji.

Liaquat


Nyabulolo
Aprili 9, 2025

Baba Kausar,

Sawa. Ni la Donatus. Umefurahi?

Lakini hiyo nafasi ya nyumbani, hapana. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikaikunja. Wewe hujui ninavyotazamwa. Jana nimekula ugali wote nikiwa nimeinamia sahani kama mtu anayetafuta sindano. Nilipoinua macho, bado ananitazama. Nikasema, "Mboga tamu." Akatikisa kichwa tu, akaondoa vyombo. Mwanamke anayegomba unaweza kumjibu, Liaquat. Huyu hagombi!

Tumeishi miaka ishirini na sita. Nikisimama mbele ya kijiji nikamfukuza mdogo wake, ambaye alimbeba mgongoni akiwa mtoto, nitarudi nyumbani kwa nani? Shule itapata utulivu, sikatai. Na nyumba yangu nayo itapata utulivu, wa milango kufungwa na mtu kuondoka.

Nikimwacha Donatus pale, darasa la saba watafanya mtihani wao wa mwisho bila kumsikia mwalimu. Mmoja wao ni mtoto wa Boaz. Boaz hataniwi kwa hilo, nimejaribu.

Nategemea baraza litapata njia ya katikati. Mwamvua amesema wanalifanyia kazi. Alivyolisema, alikuwa ananiigiza.

Athanas


Nyabulolo
Mei 12, 2025

Baba Kausar,

Kaa chini. Kama umekaa, kaa vizuri.

Siku ya mkutano mkuu niliamka nikasikia jambo la ajabu: jogoo. Tumekuwa na jogoo yule tangu Krismasi na sikuwa nimemsikia hata mara moja. Karasha, ambalo huwashwa kabla hakujapambazuka, lilikuwa kimya. Nikamshukuru Mungu, nikadhani Donatus ameamua mwenyewe.

Hakuwa ameamua. Nilipofika uwanjani alikuwa ananisubiri, kavimba. "Shemeji, nimeibiwa! Mkanda wa karasha haupo. Naufungua kila jioni naupeleka kwa mama, nautundika ukutani. Asubuhi ukuta mtupu!"

Kabla sijamjibu, vigelegele. Watani hao. Mbele ni Mwamvua, kajivika ule mkanda begani mpaka kiunoni kama bibi harusi, na grisi yake yote. Nyuma yake Boaz. Boaz, Liaquat, kavaa koti langu la mikutano na kofia yangu, nilivyovitafuta nyumbani asubuhi nikavikosa, na kwapani kabana mto wangu wa maua. Akautandika juu ya kiti changu, akakaa, akajikuna shingo ninavyojikuna mimi. Mwanamke mmoja akainua mkono: "Mwenyekiti, watoto hawamsikii mwalimu."

"Tumelipokea," Boaz akasema. "Tunalifanyia kazi."

"Mwenyekiti, shule inaungua!"

"Tumelipokea. Kwanza tuunde baraza."

Watu walilala chini kwa kicheko. Nimeshiriki misiba mingi yenye watani, ila ule ulikuwa wa kwanza wa kwangu mwenyewe.

Donatus hakucheka. Akaja mbele. "Shemeji, wewe ni serikali. Mwizi huyu hapa na kidhibiti kiko begani. Andika barua ya polisi."

Mwamvua akamgeukia. "Wewe Msukuma, mimi mtani wako. Unataka mkanda? Komboa. Sisi hatutaki kuku. Tunataka dude lako likakae ng'ambo ya bonde, maji yameshapungua. Likifika kule, mkanda utaufuata."

"Huu ni wizi!"

"Huu ni utani!"

Na wote wakanigeukia mimi. Mtendaji akafungua kalamu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichojitengenezea. Nilikuwa nimeunda baraza ili mtu mwingine aseme lile neno, na baraza langu mwenyewe limenibana pembeni na maneno mawili tu ya kuchagua. Nikisema ni wizi, Mwamvua anakwenda polisi na karasha linawaka mchana huo huo. Nikisema ni utani, Donatus hana pa kukata rufaa, maana hakuna Msukuma anayempeleka mtani wake mahakamani akarudi kwao na uso.

Nikamtafuta Rebeka. Alikuwa kwenye kundi la akina mama, kajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Analia, nikajisemea. Basi, nyumba imekwisha.

Nikamtazama mtoto wa Boaz, kasimama na wenzake karibu na uzio, wametulia, wanasubiri kuona mtu mzima atasema nini.

Nikasema, "Ni utani. Donatus, shemeji yangu, komboa mkanda wako."

Kwa mara ya kwanza uwanja mzima uliisikia sauti yangu, maana hakukuwa na karasha.

Donatus akaangalia mkanda ulivyomkaa Mwamvua, na kicheko kikamshinda usoni. "Na mimi ni Msukuma," akasema, "nitafanyaje? Lakini injini ni nzito. Watani waisukume wenyewe." Wakasukuma. Kijiji kizima kilisukuma, Boaz akiwa bado na kofia yangu akitoa amri ambazo mimi sijawahi kutoa. Mwamvua hakusukuma, aliwauzia chipsi wanaosukuma.

Jioni nikarudi nyumbani taratibu. Rebeka alikuwa mlangoni. Nikasema, "Mke wangu, najua ulilia." Akaniambia kwa sauti iliyokwaruza kama msasa, "Nililia kwa kucheka. Boaz alivyojikuna shingo kama wewe!" Ndipo akaniambia yote, ya uji, ya sufuria, na kwamba hata hiyo barua kwako alikuandikia. Wewe ulijua tangu Machi! Mshauri gani wewe?

Nikakumbuka pia kwamba mkanda ulikuwa ukutani kwa mama mkwe, na kwamba jioni iliyotangulia mkutano Rebeka alikwenda kumsalimia mama yake, akasindikizwa na Mwamvua, ambaye hajawahi kumsindikiza mtu bila chipsi. Nilitaka kuuliza. Nikaona suala hilo nilipokee tu.

Sasa shule imetulia. Tatizo ni kwamba ofisi yangu inatazamana nayo, na kila ninachosema ndani kinafika mpaka darasa la saba. Jana nilimwambia mtu "tunalifanyia kazi", darasa zima likacheka.

Kofia yangu bado anayo Boaz. Anasema ataitoa nitakapokuwa nimeamua suala la pili. Nimeuchora muundo upya, kwa rula.

Wako,
Athanas

Shemeji Liaquat, amenipa barua hii niipeleke kwa kondakta, nami naongeza hapa chini. Huo muundo mpya nimeuona. Amenichora mimi pembeni yake, ndani ya kisanduku, na mishale miwili, wa kwenda na wa kurudi. Kaupigia mstari mara mbili. Mwambie afute. Akitaka ushauri wangu hahitaji mshale, mimi nalala upande wa ukutani. Ageuke tu. — Rebeka